Sare ya Baraka

Jumapili, 2 Novemba

Ibada, maharage, kupiga pasi. Leo pasi imechukua muda kwa sababu sare zimefika kutoka Dar. Kitenge cha bluu, namba ya Baraka imedariziwa mgongoni. Kina mama wote wa kikundi chetu hapa ughaibuni, Thamesmead, wameshonewa. Harusini tunavaa sare, msibani tunavaa sare, kwa nini tusivae kwa mwanangu anayeanza kucheza kikapu chuoni Marekani? Kwenye orodha ya vijana bora wa mwaka wa kwanza jina lake liko juu. Mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa kabla hajaondoka. Naringa. Nani wa kunikataza?

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu. Sebule imejaa kina mama na sare zao, pilau tayari, televisheni imeunganishwa. Baraka kakaa benchi mechi nzima, taulo shingoni. Mama Glory kila baada ya muda: "Anaingia saa ngapi?" Utadhani anasubiri basi. Hakuingia. Pilau ililiwa kama ya matangani. Wakaondoka wakiniambia Mungu ni mwema. Najua Mungu ni mwema. Sikuuliza.

Jumatatu, 10 Novemba

Baba Baraka anasema nitulie. Anasema orodha ile wameipanga watu waliomwona akicheza na watoto wenzake, na huko sasa anakabana na wanaume wenye ndevu, wa mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza kukaa, anasema. Nikamwambia mwanangu hakuvuka bahari kwenda kujifunza kukaa. Viti hata hapa vipo.

Nimemtumia Baraka picha ya Jumamosi ya kina mama wote ndani ya sare. Nikaandika: Tunakusubiri, usituangushe.

Ameiona. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Atacheza.

Jumamosi, 15 Novemba

Aliingia.

Sebule ilijaa tena, ingawa wengine walikuja kwa kunihurumia, nimewaona. Robo ya pili kocha akamwita. Akafunga. Akafunga tena. Vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu akaruka, akatua vibaya, chini. Tukadhani kachezewa rafu, atapewa mitupo huru, tukaendelea kushangilia. Mwanangu kashika goti, mdomo wazi, na mimi mama yake napiga vigelegele. Baba Baraka ndiye aliyeinuka akazima televisheni.



Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani.

Kocha kampigia Baba Baraka. Kumbe goti lilikuwa linamuuma tangu mazoezi ya mwanzo. Ndiyo maana ya lile benchi. Walipanga apumzike mpaka Krismasi, Baraka akawakataza kutuambia ili tusiwe na wasiwasi. Wiki hii akawaambia haumwi tena. Akaapa. Alipopimwa akajikaza. Kocha anasema haelewi kijana alikimbilia nini.

Mimi naelewa. Baba Baraka ananitazama tu. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 19 Novemba

Kina mama walikuja kutoa pole. Hakuna aliyevaa sare. Mama Glory akaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Nilitaka kuwafukuza, nilitaka wasiondoke.

Ijumaa, 21 Novemba

Jana kafanyiwa upasuaji. Msimu umekwisha. Kuhusu mwaka ujao, daktari hasemi.

Leo kanipigia nikiwa kwenye mapumziko ya chakula kazini hospitali. Sauti nzito ya dawa. Nilishapanga maneno ya kumwomba msamaha. Akanitangulia, kwa Kiswahili, ambacho huwa anakikwepa:

"Mama, kina anti wamekasirika?"

Nikamwambia hapana, baba. Hakuna aliyekasirika. Lala.

Akalala simu ikiwa hewani. Sikuikata. Chakula kikapoa. Nikakaa namsikiliza anavyopumua mpaka mapumziko yakaisha, nikarudi wodini.