Kompyuta ya Nyaboke

Jumatatu, 12 Januari

Kosa la wengi wetu hapa ughaibuni ni kununua kitu kwa bei za punguzo za Novemba, kisha kukiacha ndani ya boksi mpaka apatikane mtu anayesafiri. Tunaogopa kukichakaza kabla hakijafika nyumbani. Siku za kurudisha dukani zinapita kimya kimya, kitu kiko juu ya kabati na plastiki yake. Nimewaonya wenzangu mara nyingi. Nami nimefanya vilevile.

Chai, dawa ya presha, kisha nikafungua boksi. Mama Brian, jirani wa ghorofa ya chini, anapanda ndege kwenda Nairobi Jumamosi na amenipa nafasi kwenye mkoba wake wa mkononi. Ni kompyuta ya mpakato ya Nyaboke, binti wa marehemu dada yangu. Amepata kazi ya uhasibu inayoanza Jumatano ya wiki ijayo. Mwajiri anataka kila mtu aje na kompyuta yake. Asiye nayo, nafasi anapewa mwingine.

Iliwaka vizuri. Baada ya nusu saa mistari ya kijani ilishuka kwenye skrini, ikaganda. Nikaizima, ikapoa, nikaiwasha tena. Vilevile. Ni joto. Chuma kikipata joto hutanuka, na kiungo kilicholehemiwa vibaya huachia. Hilo nililifundisha kidato cha pili mpaka nikastaafu.

Jumanne, 13 Januari

Basi hadi mjini, treni hadi Bloomington, kwenye duka nilikoinunua. Barafu njia nzima.

Meneja wa duka ni kijana wa ndevu zilizochongwa. Aliongea nami kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama anasema na kiziwi. Aliuliza kama niliiangusha. Kisha akauliza kama nyumbani yupo mtu anayejua kompyuta. Foleni nzima ilisikia. Mmoja alitabasamu.

Njia ni tatu. Kutengenezewa: inapelekwa kiwandani, bure, inarudi baada ya wiki kadhaa. Kubadilishiwa: napewa nyingine papo hapo. Kurudishiwa pesa. Muda wa hizo mbili za mwisho ulikwisha Desemba, alisema. Sasa ni hiari yake meneja, na yeye hataki. Alisema hayo akitazama simu yake.

Namchukia. Sijamchukia mtu hivi kwa muda mrefu.

Jumatano, 14 Januari

Sikutoka. Nimeshinda namfikiria yule kijana.

Moyo unataka pesa. Nataka azirudishe kwa mkono wake, foleni ikiangalia, duka lake lisibaki na hata senti yangu. Lakini pesa zikirudi huchukua siku kadhaa kuingia kwenye kadi, na bei ya Novemba haipo tena. Nitakuwa nimeshinda, na Nyaboke hana kitu. Kutengenezewa ndiyo kabisa. Ndege haimngoji fundi.

Basi ni kubadilishiwa. Na kumlipiza kisasi yule kijana pia. Vyote viwili.

Mama Brian alipiga simu jioni. "Mwalimu, nafasi yako nimeilinda. Lakini Ijumaa usiku kama haijafika naweka viatu, usinilaumu."

Alhamisi, 15 Januari

Leo kisasi nimekila kama nyama.

Nilifika duka linafunguliwa. Nikaomba tu mahali pa kuchomeka chaji, nikakaa kwenye kiti kando ya kaunta, skrini nimeielekeza kwa foleni. Nikangoja joto. Mistari ikashuka. Kila aliyeniuliza nilimweleza taratibu, kwa adabu: chuma, joto, kiungo. Nikamshauri aijaribu yake hapa hapa, kabla hajatoka nayo. Mzee mmoja wa Oakdale alifungua boksi lake juu ya kaunta. Mama mmoja na mtoto mgongoni akafungua lake. Kaunta ikajaa plastiki. Foleni ikafika mlangoni.

Kwenye kaunta hiyo anahudumu Mama Furaha, mwanamke Mkongo wa makamo. Alinisikia nikinung'unika kwa Kiswahili, akacheka mpaka akajifunika mdomo. "Papa, uko unamuchoma patron wetu pole-pole." Nikamwambia bosi wa namna hiyo ni nyama ngumu, hutaka moto mdogo. Akacheka tena. Tuliongea hivyo asubuhi nzima, kila akipata nafasi. Meneja alikuwa akitutazama kutoka mlango wa ofisi yake.

Saa sita akaja, shingo nyekundu. Atanibadilishia, ilimradi niondoke. Nikamshukuru. Nikasema nitaondoka mpya ikishapata joto. Nilikaa nayo mpaka karibu jioni. Haikuonyesha mstari hata mmoja. Mara mbili nilimwomba aje aone jinsi inavyofanya kazi vizuri. Nilisema neno moja moja, kwa sauti ya juu.

Njiani kwenye treni nilicheka peke yangu.

Ijumaa, 16 Januari

Nimempa Mama Brian kompyuta. Ameizungushia sweta. Nimelala mchana.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya ibada ya Kiswahili, kwenye chai, nilimwona Mama Furaha. Sikujua anasali hapa Brooklyn Center. Nilimwendea nikicheka, nikamuuliza patron hajambo.

Hakucheka. Ijumaa alisimamishwa kazi. Meneja anasema tulipanga: mimi nikae pale, yeye awaambie wateja wafungue. Maana tuliongea lugha yetu na kucheka. Ameambiwa asirudi mpaka aitwe, wakiamua kumwita. Ana watoto wanne na kodi ya nyumba.

Nilianza kumweleza kwamba hana kosa kisheria. Akaniacha niseme mpaka mwisho. "Papa, mimi najua sina kosa. Ni yeye hajui."

Sikumaliza chai.

Jumatatu, 19 Januari

Picha imefika asubuhi kutoka Nairobi. Nyaboke amekaa mezani, kompyuta imewaka mbele yake. Ameandika: "Asante Mjomba, Jumatano naanza."

Nimeitazama sana.

Kulipiza nilikolipiza kulimpita yule kijana kukatua kwa mama wa watu. Bado simpendi. Nikimwandikia hatasoma. Nikimshtaki atamshikilia zaidi Mama Furaha. Kuna jambo moja analoweza kulipokea kutoka kwangu, na ndilo nisilotaka kumpa.

Nje kumeanza theluji. Mabasi bado yanatembea.

Vaa koti, Mwalimu. Nenda Bloomington leo, simama kwenye ile foleni, na zamu yako ikifika mwombe meneja msamaha kwa sauti, useme lilikuwa wazo lako peke yako.