Mahali pa Kumlaza Mayu

Jumatatu, 5 Mei
Maji tena. Mto wenyewe ni mchanga mtupu: unachimba shimo, unangoja yajae, unateka kwa kikombe. Mgongo unauma. Mahindi yameanza kukauka na huu ndio wakati tembo wanayapenda. Mume wangu Maduhu hashuki kwenye dungu lake la kulindia shamba. Chakula nampelekea kulekule juu, kama namlisha mfungwa.
Tulipohama kijijini Shishiyu kuja huku porini alisema sisi tutakuwa wa kwanza tu, wengine watatufuata. Mdogo wake Jilala naye angekuja na familia yake. Msimu umepita, na mwingine unaisha. Hajaja mtu. Ni sisi na vichaka.

Jumatano, 7 Mei
Mama mkwe anakohoa vibaya. Sote hapa tunamwita mayu, hata mimi, maana kwa Kisukuma ndiyo mama. Ugali amekataa. Amekunywa uji wa mtama kidogo.
Nimemwambia Maduhu tumpeleke hospitali Bariadi. Amesema tungoje tuvune, akiondoka siku moja tu shamba limekwisha. Nimemuuliza kama kikohozi kinajua mavuno ni lini. Nimerudi jikoni na hasira, nikaunguza maharage.

Ijumaa, 9 Mei
Tembo wamepita. Upande wa bondeni wamekula wote, walichoacha wamekikanyaga. Maduhu alipiga madebe mpaka sauti yake mwenyewe ikakauka. Asubuhi amesimama katikati ya mabua, mikono kichwani. Nilitaka kumwonea huruma. Sikuweza. Upande ule niliupanda mimi, mtoto mgongoni.
Mayu amezidiwa. Binti yetu Kabula hakwenda shule, ameshinda akimkanda kifua kwa maji ya moto.

Jumamosi, 10 Mei
Sikungoja ruhusa. Nimepanda kilima cha mawe, ndiko simu inakoshika, nikamwita bodaboda. Amefika mchana. Mtoto mdogo nimemwacha na Kabula. Mayu tumemweka katikati, mimi nyuma, nimemfunga kwangu kwa kitenge. Hana uzito kabisa.
Maduhu ametuona tukiondoka. Hakushuka.
Daktari amesema ni mapafu, na moyo nao umechoka. Ameniuliza mbona mmechelewa. Nimetazama sakafu.

Jumatatu, 12 Mei
Bado tuko wodini. Mayu amepata nafuu, ameomba chai yenye sukari nyingi. Baadaye akanishika mkono.
"Minza, nikifa msinilaze kule porini. Nilikuja kwa sababu mwanangu alikuja. Nipelekeni Shishiyu, kwa mzee wangu."
Nikamwambia aache habari za kufa, atapona. Akanikemea.
"Mimi nakwambia neno, wewe unanibembeleza. Umesikia au hujasikia?"
Nimesikia, mayu.
Nimempigia Maduhu aje amwone. Simu haipatikani.

Jumatano, 14 Mei
Mayu amefariki. Nilikuwa nimetoka kutafuta uji. Nimerudi nikakuta wamemfunika.

Alhamisi, 15 Mei
Nimechoka lakini nisipoandika leo sitalala.
Maduhu alipopelekewa habari na bodaboda alisema msiba utakuwa kwake, yeye ndiye mkubwa. Mayu tumemleta porini kwa pikapu. Jilala alikuwa amekwisha kufika na wazee wa ukoo kutoka Shishiyu. Nashuka kwenye gari, nasikia sururu. Wanachimba kaburi nyuma ya nyumba.
Nilimvuta Maduhu pembeni nikampa maneno ya mama yake. Akasema hapana, mama analala hapa. Tukimzika hapa, kijiji hakiwezi kutunyang'anya eneo lenye kaburi letu, na Jilala hatakuwa na sababu ya kukataa kuhamia. Alisema hivyo waziwazi. Mama yake yuko kwenye gari, bado hajashushwa.
Basi nikaenda kwa wazee. Kanga imenidondoka begani, sikuiokota. Nikawaambia alichosema mayu, neno kwa neno.
Maduhu akasimama. "Huyu anataka kurudi Shishiyu. Tangu tuhamie hapa anataka kurudi. Amelitunga hilo."
Wote wananitazama. Kilichoniuma ni kwamba nusu yake ni kweli.
"Ndiyo, nataka kurudi," nikasema. "Kila siku nataka kurudi. Lakini hili sikulitunga."
Baba mdogo wa Maduhu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akauliza nani mwingine alisikia. Hakuna. Nilikuwa peke yangu. Nikaona limekwisha, watanipa jina la mwongo na mayu atalala kwenye vichaka hivi.
Mzee akamgeukia Maduhu. Hakupandisha sauti.
"Na wewe, ng'wana wane, mwanangu, mama yako alikuambia nini kule hospitali?"
Maduhu akageukia gari.
"Nakuuliza. Alikuambia nini?"
"Sikufika," akasema Maduhu.
Halafu mzee akawaambia vijana waache kuchimba.

Ijumaa, 16 Mei
Lile shimo wamelifukia kabla hatujaondoka. Tumemzika mayu Shishiyu, ubavuni mwa mumewe. Watu walikuwa wengi. Wengine hata siwajui, walikuwa wanasimulia jinsi alivyokuwa akicheza ngoma ujanani. Sikujua kama aliwahi kucheza.
Maduhu alishika koleo muda wote, hakutaka kupokewa. Hakulia. Hakunitazama.

Jumapili, 18 Mei
Ameondoka. Amesema anawahi mahindi. Hakusema twende, hakusema bakini. Jilala amemsindikiza mpaka barabarani.
Kwa hiyo sasa nimeachwa au nimepumzishwa? Sijui hata mwenyewe.

Jumapili, 25 Mei
Shishiyu. Nilichokuwa nalilia ninacho. Bomba liko karibu, dukani unatuma mtoto. Kabula ameanza shule ya hapa na tayari ana marafiki. Ibadani leo wanawake wamenikumbatia.
Na bado nina kisirani. Nalala chumba wanachowekea magunia ya pamba. Mke wa Jilala ni mwema, lakini nikigusa sufuria anauliza nataka kupika nini. Nikifagia anasema pumzika shemeji. Shemeji, shemeji. Mimi ni mgeni hapa.
Karanga zangu kule hazijang'olewa. Najichukia kwa kuzifikiria. Namchukia na Maduhu kwa kutopiga simu. Kilima kipo, miguu anayo.

Jumamosi, 31 Mei
Nimeamua. Kabula atabaki hapa asome, Jilala amekubali, na mkewe amesema amefurahi kupata wa kumsaidia watoto. Kabula amelia, kisha akaniuliza kama anaweza kubaki na sweta langu. Nimempa.
Mimi narudi na mdogo. Sirudi kwa sababu nimeitwa. Shamba lile nimelifyeka kwa mikono hii, siwaachii tembo. Maduhu nitajua la kumfanya nikifika.
Jilala nimemuuliza mbele ya mkewe kama atahamia au hatahamia. Amesema hatahamia. Afadhali. Sasa tunajua.

Jumatatu, 2 Juni
Nimefika asubuhi. Maduhu alikuwa anavuna peke yake. Amekonda, ndevu zimemjaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mengine makali sana. Tulipoonana tukasalimiana kama watu wa njiani. Mwangaluka. Mwangaluka.
Akamchukua mtoto akamweka begani. Akakaa hivyo kidogo.
"Mama angeniambia mimi," akasema, "kama ningekwenda."
Halafu akanirudishia mtoto, akaendelea kuvunja mahindi.
Nimemfunga mtoto mgongoni nikaanza mstari wa jirani na wake. Yaliyobaki si mengi, lakini ni makavu, yamekomaa vizuri. Jua lilipokuwa kali tumekaa chini ya mgunga, tumetafuna michembe, viazi vikavu nilivyotoka navyo Shishiyu. Mtoto amelala kati yetu. Tumemwacha alale, tukarudi kuvuna kwa zamu, mmoja akimlinda.