Sauti ya Baba Nokulunga Iliyosafishwa

Thembekile, dada yangu, nimeketi jikoni na bado sijavua nguo za sherehe.

Leo tulipozindua jiwe la kaburi la mume wangu, tuliwasikilizisha watu ile rekodi yake akizitaja sifa za ukoo. Sauti ilitoka nene na tamu, kama ya mtangazaji.

Wifi yangu akauliza mbele ya wote: "Kwani huyu ni nani?"

Huyu ni nani!

Binti yangu Nokulunga akasema kwa fahari: "Mama, si nimemsafisha Baba! Nimekata kile kikwaruzo cha kifuani kwa ikwalaiza, kile kichujio cha sauti, halafu nikampitisha kwenye programu inayoipa sauti joto la redio za zamani."

Kile kikwaruzo, dada, ni vumbi la mgodini alikofanya kazi. Ndicho nilichokisikia kila jioni kabla hajabisha hodi.

Nikamwomba ile ya awali. "Ilifutika nilipohifadhi hii, Mama."

Sijalia. Hata sijui kwa nini.

Wewe nilikutumia ile ya awali, siku ile tulipofundishwa kutuma sauti kwenye darasa la simu. Kama ungali nayo, nirudishie vilevile ilivyo, pamoja na kikohozi chake.