Salamu za Saa Tano

Jumatatu, 2 Septemba 2002

Barua ya Poonam, wakili wangu. Pasipoti yangu bado iko Croydon, kwa watu wa uhamiaji — mwaka wa tatu sasa! Nikampigia. Yale yale: nikitoka nchini kabla ya jibu, ombi langu la ukaazi limekufa, na kurudi nisahau. Eti nivumilie. Angeniambia nipande Kilimanjaro kwa makubadhi ningeona afadhali.

Sauti yangu tu ndiyo inayosafiri. Kila siku saa tano asubuhi naingia studio hapa Harrow, ghorofani juu ya duka la vitambaa, nasoma salamu za wasikilizaji, na kwa setilaiti nasikika mpaka Pemba. Kule ni saa saba mchana. Mama, nyumbani Chake Chake, hagusi chakula mpaka nianze. Lakini mwenyewe miaka saba sijaondoka London. Mie niliyekuwa nikisoma habari kwenye televisheni Unguja, watu wakinisimamisha njiani, leo naogopa bahasha ya kahawia ya serikali!

Alhamisi, 5 Septemba

Alasiri tulikwenda kumpa Mwadini, Mpemba mwenzetu, habari ya baba yake. Kwetu mtu aliye ugenini hapigiwi simu ya msiba akiwa peke yake. Jamaa wa nyumbani humpigia mtu wa hapa, naye hukusanya wenzake, wakaenda pamoja. Tulikuwa watatu: Bi Ummukulthum wa Stanmore, mumewe Mzee Mahmood, na mimi. Tukaomba maji. Tukaulizana mvua. Bi Ummukulthum ameipakata chupa yake ya kahawa, ile anayokwenda nayo misibani. Mwadini akatutazama mmoja mmoja, akakaa chini kabla hatujasema kitu.

Bi Ummukulthum akanifinya: sema wewe, ndiwe mwenye ulimi. Mie, niliyesoma matangazo ya vifo redioni tangu nina miaka kumi na tisa — nilishindwa! Mzee Mahmood akasema. Nimerudi nyumbani nimeona haya.

Jumapili, 8 Septemba

Nimempigia Mama. Amepokea Hussam, mdogo wangu. Mama amelala. Homa kidogo tu, dada, usijitie wasiwasi, wewe fanya kipindi chako.

Alhamisi, 12 Septemba

Zulfikar, mwenye redio, kanijia juu. Mzaliwa wa Mwanza huyu, akikasirika Kiswahili chake kinanishinda mie mwenye lugha. Eti natangaza kama nasoma bili ya gesi. "Smile, Afra! Smile inasikika, bwana." Nikatabasamu. Meno yote nje.

Nilitaka kumwomba ruhusa nikamwone Mama. Nikakumbuka si yeye aliyenifungia. Zulfikar ana sheria zake tu: taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka, haingii mtu mpaka kipindi kiishe. Juzi mwenyewe kasimama nje na kikombe chake mpaka chai ikapoa. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Jumamosi, 14 Septemba

Hussam tena. Mama anaoga. Jana alikuwa anasali. Nikamwambia mpe simu hata akiwa na povu! Akasema laini mbaya. Nyuma yake nasikia sauti za watu, wengi. Nani hao? Wageni tu, wamekuja kumjulia hali.

Homa kidogo haijazi nyumba, Hussam.

Nimetoa begi juu ya kabati. Nimepanga nguo. Nimepangua. Nikienda sirudi, na kazi hii ndiyo inayomnunulia Mama dawa. Nisipokwenda... Mwoga mimi. Nimepanga tena.

Jumatatu, 16 Septemba

Barua za wasikilizaji zimekuja, na ya Mama imo! Muhuri wa posta wa wiki mbili zilizopita. Kila mwezi huleta salamu kama msikilizaji yeyote, wala hasemi mie mwanawe — Zulfikar hataki salamu za jamaa za watangazaji. Nimeisoma jikoni nimesimama, mkono wa koti mmoja ndani mmoja nje.

Basi. Kesho nitaisoma hewani, halafu niende moja kwa moja kwa Poonam. Airudishe pasipoti. Ombi life. Nimeamua, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimekula nikashiba.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika studio, nyuma ya orodha ya nyimbo. Taarabu inapigwa, ndefu, nimeichagua makusudi.

Saa tano na dakika arubaini nilikuwa katikati ya salamu za Tanga. Nikanyanyua macho. Nje ya kioo Bi Ummukulthum, Mzee Mahmood na Mwadini. Watatu. Jumanne, saa za kazi! Bi Ummukulthum hajapata kukanyaga hapa. Ana ile chupa ya kahawa.

Nikaendelea. Na sasa twende Muheza! Smile inasikika.

Saa sita imekwisha pita. Ni zamu ya Kamal na kipindi chake cha Kigujarati. Nikizidisha dakika moja tu huyo hugonga kioo na kunionyesha saa yake. Leo amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Zulfikar kasimama karibu naye. Nimemtazama, naye akanipungia mkono: endelea, endelea. Zulfikar! Malek, fundi wetu, nikimwonyesha kidole kimoja, yaani wimbo mwingine, anauweka bila kunitazama.

Wanajua wote. Nami najua. Ya Rabi, najua.

Lakini taa ingali inawaka. Haingii mtu. Miaka yote hii nalia nitoke, na leo nakishikilia kiti hiki kwa mikono miwili.

Ubeti wa mwisho huu. Karatasi zote nimezimaliza ila moja. "Mimi Bi Miska wa Chake Chake namsalimu mtangazaji wa saa saba. Mwambieni nikimsikia ndipo ninapokula." Sijaisoma hewani. Nikiisoma, salamu zimekwisha na kipindi kimekwisha.

Bi Ummukulthum amefungua chupa, ameifunga tena. Malek ananyanyua vidole, ananihesabia. Vitatu. Viwili.

Naanza tena na Tanga.