Begi la Bluu la Eufrasia

Jumapili, 10 Agosti

Tunakwenda ziwani. Kwa miguu! Naandika leo leo ili kesho nisijifanye ulikuwa utani.

Baada ya misa mimi na Felisita tulipanda bodaboda hadi Ngulyati kumwona Eufrasia. Tulisoma dawati moja sote watatu, na sasa tunazeeka sote watatu. Mume wake, Paschal, alifariki mwaka jana, ghafla, presha. Matanga yalishaanuliwa, nguo nyeusi kavua, watoto wamerudi bweni. Mwenyewe bado yuko pale pale, kwenye kigoda kile kile, kwa mama mkwe wake. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua hata macho. Akasema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba anatamani kukaa mahali, siku chache, ambapo hakuna mtu wa kumwambia pole.

Nilitaka kulia. Felisita ni nesi, halii ovyo. Yeye aliruka: twendeni kwetu! Kwao ni Busega, kando ya ziwa. Shangazi yake anaishi karibu kabisa na maji. Tutavua kwa ndoano kama alivyokuwa akivua utotoni. Nikauliza basi la saa ngapi. Eufrasia akasema hapana, kwa miguu. Basi linafika upesi mno.

Haya. Siku mbili, tatu tukijikokota. Tutalala parokiani njiani. Iwe mwanzoni mwa Septemba, kabla mvua hazijaturudisha mashambani.

Baba Flora sijamwambia.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia. Amecheka mpaka chai ikamtoka puani. Samaki si wanaletwa sokoni kila asubuhi? Nikamjibu: na mpira si unaonyeshwa kwenye TV, mbona unakwenda uwanjani? Akatoka kwenda kung'oa masalia ya pamba yake. Atakubali. Mume wangu akishindwa hoja anakwenda shambani.

Wateja nao! Nimemwambia mmoja tu, aliyeleta sare za kupunguza, na kabla ya saa sita soko zima la Bariadi linajua. Wananiuliza nani amefariki Busega. Mtu wa hapa akitembea mwendo mrefu ama anaswaga ng'ombe ama anakwenda msibani. Nasema tunakwenda kuvua. Wananiuliza kama malaria imenipanda kichwani.

Jumamosi, 16 Agosti

Mabegi ya dukani ni takataka. Zipu inakufa kabla hujatoka stendi. Nashona mwenyewe — mimi si fundi? Nimenunua turubai, lile zito la bluu la kufunikia mazao. Mikanda nimeitoa gereji, mikanda ya gari bovu, haikatiki hata uning'inize ndama. Sindano za cherehani zinavunjika ovyo.

Begi la kwanza limetoka kama mfuko wa mbolea. Hilo langu. La pili bega moja liko juu. Hilo la Felisita, atajua mwenyewe. La tatu — jamani, la tatu ni zuri! Mifuko ya pembeni, kifuniko, sponji mabegani. Hilo la Eufrasia. Bluu yake unaiona toka ng'ambo ya mbuga.

Jumatano, 20 Agosti

Somo la kuvua, uani kwangu, bila tone la maji. Felisita mwalimu, mimi mwanafunzi. Ufito, mshipi, ndoano. Nimenasa kamba ya nguo. Nimenasa gauni la mteja. Sikio la Baba Flora nimelikosa kidogo tu. Amesema kumbe samaki wa Busega wako salama. Chambo hatukupata, udongo umekauka, hata nyungunyungu mmoja hakuna. Felisita anasema kule wamejaa. Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Jumapili, 24 Agosti

Tumempelekea Eufrasia begi lake. Amelivaa papo hapo, akazunguka ua, akamwuliza mama mkwe wake, Mayu Minza, limemkaaje. Mayu akasema "Mh." Huyo bibi na "Mh" yake! Miaka yote hii simwelewi.

Felisita akamwagiza Eufrasia ajizoeze. Kila asubuhi aweke kitu kizito ndani, atembee hadi mashine ya kusaga na kurudi. Akaitikia vizuri kabisa, kama mtu aliyepewa kazi. Safari ni Jumamosi ya tarehe sita.

Jumanne, 26 Agosti

Balaa! Felisita kanipigia asubuhi: ukoo wa marehemu unakaa kikao, wanasema Eufrasia ametoroka. Ametoroka vipi na yuko nyumbani? Begi limeshikwa. Mimi na Felisita tunaitwa kesho, tukaeleze tulimshawishi nini.

Begi langu!

Jumatano, 27 Agosti

Nimerudi. Naandika kalamu inatoboa karatasi. Ni hasira.

Eufrasia alifanya kile tulichomwambia. Jana asubuhi kavaa begi zito, kashika njia ya mashineni. Mtu akamwona toka mbali — ile bluu! — akampigia simu Maduhu, mdogo wake Paschal: shemeji yako huyo anaondoka na mizigo. Maduhu akamfuata na pikipiki, akamkuta barabarani jasho linamtiririka, akamrudisha.

Hapa kwetu mke akitoka nyumbani kwa miguu yake, mzigo mgongoni, hajaaga mtu, huyo ametoka. Haulizwi tena. Watoto wanabaki. Majaruba ya mpunga aliyoachiwa na mumewe yanarudi kwa ukoo. Mimi mzaliwa wa hapa, Msukuma wa baba na mama, na sikuliwaza hilo hata kidogo! Nilikuwa nawaza sponji.

Wazee walikaa uani. Maduhu akaagiza begi lifunguliwe mbele ya wote, zionekane nguo alizobeba. Likafunguliwa. Mawe. Mawe matupu, na kipande cha jiwe la kusagia. Mzee mmoja akauliza ni mwanamke gani anayetoroka na mawe. Nikadhani yamekwisha, nikacheka. Kosa! Maduhu akainua jiwe moja. Hili ni la shambani kwa kaka, akasema. Mawe ya shamba la marehemu yanapelekwa wapi, na kwa mganga yupi? Watu wakaanza kunong'onezana. Kicheko kikanikauka.

Eufrasia alieleza ukweli: ni mazoezi, tunakwenda kuvua samaki. Lakini lilivyosikika pale mbele ya wazee, hata mimi nisingeamini.

Nilitaka kumchukia Maduhu, nimeshindwa. Aliposema akimpoteza na huyu, watoto wa kaka atawaambia nini, sauti ilimkatika, ikabidi ajifanye anakohoa. Bado sharti kaliweka: Eufrasia akitoka tena na begi lile, asikanyage tena kwenye majaruba.

Mayu alikuwa kaketi pembeni kikao kizima. Mwishoni akainuka, akamwaga mawe yaliyobaki pale pale miguuni pa wazee, akalichukua begi, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.

Jumamosi, 30 Agosti

Eufrasia kapiga. Haendi. Anasema twende wawili, tumletee samaki. Nani anataka samaki! Felisita anasema tuahirishe mpaka mwakani. Nikamjibu vibaya, akakata simu. Leo nimeshona mfuko wa shati kwa ndani.

Ninachoogopa nakiandika hapa hapa: akikubali kukaa safari hii, atakaa kwenye kigoda kile mpaka uzee, na sisi tutazoea.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda kwa Mayu peke yangu. Eufrasia alikuwa kisimani. Nilijiandaa kuwa mpole, Mungu shahidi wangu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

Akanipa kigoda, akanipa maziwa. Begi lilikuwa mapajani mwake. Alikuwa anavutavuta mikanda. Akasema mshono wa hapa chini umelegea, mimi ni fundi gani?

Nikawaka. Mtu mzima yule, mama mkwe wa rafiki yangu, nikamwakia! Nikamwambia hajali mshono, anajali majaruba. Mkwe wake anakauka mbele ya macho yake, na yeye kazi yake ni Mh, Mh. Nikayatapika yote. Nilipomaliza masikio yalikuwa yanawaka moto kwa aibu. Nikasubiri kufukuzwa.

Akamaliza maziwa yake kwanza. Akauliza huko ziwani watu wanalala wapi. Nikamweleza habari za shangazi. Akauliza tunaondoka siku gani. Nikamwambia Jumamosi, tulikuwa tunaondoka Jumamosi. Kisha, bila kunitazama, akasema nyumba ile ina wanawake wawili na ukuta mmoja katikati. Mmoja akilia, wa pili anajifanya hasikii. Zamu kwa zamu, tangu wamzike Paschal. Amechoka. Na anajua mwenzake amechoka.

Huyu bibi nimemwona mara ngapi, na sikuwahi kukumbuka kwamba aliyekufa ni mtoto wake.

Halafu akawa mkali tena. Maduhu anasema mtoro? Mtoro hasindikizwi na mtu. Basi yeye mwenyewe, mama mwenye mji, atamsindikiza mkwe wake, mchana kweupe, kupita mlangoni kwa Maduhu, mpaka njia panda ya lami. Aone nani atafungua mdomo aseme katoroka.

Nilimshika mikono yote miwili. Wabeja, mayu, asante sana, wabeja!

"Mh," akasema. "Shona hapa kwanza."

Ijumaa, 5 Septemba

Michembe, viazi vyetu vikavu, imefungwa, karanga zimekaangwa. Mablanketi matatu, ndoano za Felisita kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Tumepatana, mimi na Felisita. Alinunua vitumbua, nikala. Baba Flora kanipa tochi yake nzuri. Anadai ni mbovu, hana kazi nayo. Nimeiwasha, inamulika mpaka kwa jirani.

Kuna wingu upande wa mashariki. Ee Mungu, lishikilie siku chache tu. Siwezi kulala kwa furaha, mimi mama mzima!

Jumamosi, 6 Septemba — njiani

Naandika nimekalia begi langu, kando ya barabara, tumepumzika kula.

Asubuhi Mayu alitoka na kitenge kipya na viatu vya kanisani. Begi la Eufrasia hakumpa mtu. Alijitwika mwenyewe kichwani. Mgongoni, anasema, wanabebwa watoto. Tukaanza safari — safari gani! Kila mji, kila boma, anasimama. Mwangaluka, mwangaluka, watoto wazima, ng'ombe wazima? Namsindikiza mkwe wangu, anakwenda kusalimia watu Busega, wiki ijayo yuko hapa. Sauti ya mnadani. Watu wakawa wanatoka kutupungia mikono.

Kwa Maduhu tulisimama kabisa. Akatoka na mswaki mdomoni. Akalitazama begi, akamtazama mama yake chini ya begi, akatoa mswaki. Mayu akamwambia mbuzi wamechelewa kutolewa, akawatoe. Nilimwona anatafuta neno. Mwisho akasema, "Safari njema, shemeji." Eufrasia akampa mkono, akaushika muda mrefu. Mimi machozi yalikuwa yananilenga, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Njia panda tukafika. Tukasimama kuagana. Felisita akasalisha sala fupi. Mayu akaitikia amina, akaendelea kutembea.

Tukadhani anatafuta kivuli. Akapita kivuli. Eufrasia akamkimbilia akaomba begi lake, Mayu akasema hajachoka. Tumepita shule, tumepita daraja la mto mkavu, masalia ya pamba yanachomwa pande zote, moshi machoni, na yeye yuko mbele yetu. Shingo imenyooka, mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, wala hajui! Eufrasia kaninong'oneza kwamba tangu msiba Mayu hajavuka hata mashine ya kusaga.

Sasa amevua viatu vya kanisani, anatafuna michembe, anamwuliza Felisita kama samaki akinaswa na ndoano anapiga kelele. Felisita ananikonyeza nimwambie arudi kabla jua halijapinda. Mimi namkonyeza yeye. Tunamtazama Eufrasia, Eufrasia anatazama barabara. Hakuna anayetaka kusema.

Simu ya Eufrasia inaita.

Maduhu! Amepokea, ameweka spika. Maduhu anauliza mama yuko wapi. Kampelekea chakula cha mchana, kakuta mlango umefungwa, na watu wanamwambia walimwona anavuka lami na begi kichwani. Sauti yake! Kwa sheria yake mwenyewe mji ule leo wametoka wanawake wawili.

Eufrasia ananitazama mimi. Mimi naandika.

Mayu ameinuka. Amekung'uta kitenge, amejitwika begi, ameshika viatu mkononi.

"Mwambie bado namsindikiza."