Leta Imeshindwa, Baba

Baba,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu najua hukupenda mtu azunguke kabla ya kufika. Mahakama imefuta uamuzi wa wale watu wa pensheni waliosema wewe si mlemavu. Hukumu imesomwa kwa sauti katika ukumbi wa parokia hapa Butembo, mbele ya watu, na Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Ungekuwepo! Naandika nikilia, na si kwa huzuni tu, ni kwa hasira. Ulikufa msimu wa mvua uliopita huku Leta, hii serikali yetu, ikisema wewe ni mzima. Mzima! Mwalimu aliyekanyaga bomu kwenye kiwanja cha shule kule Eringeti akiwatangulia wanafunzi wake, akakatwa mguu Beni, akarudishwa nyumbani juu ya lori la mbao.

Unajua nilichokukasirikia miaka yote hii? Ile siku ya tume ya pensheni. Vita ilikuwa imetulia kidogo, Leta imerudi na mihuri yake, wakaleta daktari wa kuwapima walimu walioumia. Mama akapiga kiwi viatu vyote viwili, hata kile cha mguu wa mbao. Ukavaa koti lako la harusi. Mlangoni ukanipa magongo niyashike nje, kwa sababu kwetu mwanamume haingii kwa mkubwa akiwa ameegemea miti kama nyumba inayotaka kuanguka. Ukasimama kuwasalimia, na kwa kuwa hakuna aliyekuambia ukae, ukabaki umesimama mpaka mwisho. Nilikuona dirishani, jasho likikutiririka shingoni. Daktari akaandika kwamba unasimama na kutembea bila shida, kwa hiyo unaweza kufanya kazi, kwa hiyo hakuna pensheni. Tulipofika nyumbani kitambaa ulichofungia kigutu kilikuwa kimelowa damu. Nikapiga kelele. Nawe ukasema tu, "Kavira, mukubwa akikusalimia unasimama, ata kama muguu ni moya."

Ah, Baba. Heshima yako ilitugharimu.

Ulipokufa, wengi walidhani nitanyamaza. Baba mdogo alisema Leta haishtakiwi. Karani wa mahakama alinitazama kwa huruma ya kuchosha, akasema, "Mutu amekufa, mama, na kesi nayo imekufa." Nikamwambia, "Bibi yake, mama yangu, hapana kufa. Andika." Akaandika.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa Leta alirudia neno lile lile kama mtoto anayejifunza sala: huyu mtu alisimama tangu mwanzo mpaka mwisho, sasa ulemavu uko wapi? Niliinuka kabla wakili wetu hajanishika nguo, nikamwambia jaji, "Juge, wakati muliingia hapa sisi wote tulisimama, si vile? Ule mama pale iko na magoti ya kuvimba, alisimama. Donc, basi, na yeye ni muzima?" Watu wakacheka, nikaamriwa nikae. Nilikuwa bado na mengi ya kusema, lakini nikakaa.

Jaji hakucheka. Alimgeukia wakili akamuuliza kama yule daktari alikuomba upandishe suruali, akauona mguu wenyewe. Wakili akapekua makaratasi yake. Akapekua tena. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, Baba, kwa sababu hakuna aliyekutazama.

Hukumu ikasema kumwona mtu amesimama si kumpima, na uamuzi uliotolewa bila kupima hauna nguvu. Biro, ile ofisi ya pensheni, iamue upya kwa kufuata ripoti za hospitali ya Beni, na haki yako apewe Mama.

Usidhani wamekubali kirahisi. Leo mkubwa wa biro amesafiri, kesho inangojwa saini ya Kinshasa. Basi kila Jumatatu Mama anabeba kapu lake la maharagwe, anakaa katikati ya mlango wao, anayamenya taratibu. Wanamruka wakiingia, wanamruka wakitoka. Juzi mmoja alimwomba asogee pembeni kidogo. "Mupe bwana yangu haki yake," Mama akamjibu, "mimi nitasogea." Wewe ndiye uliyekuwa ukilalamika kwamba mke wako ni mpole kupita kiasi! Nilicheka mpaka nikalia, kwa kuwa sikuwa na wa kumsimulia ila wewe.

Mjane mmoja wa mwalimu ametoka Kipese kuja kuniuliza mlango wa mahakama uko wapi. Nitampeleka mwenyewe.

Lala sasa, Baba. Padri alituambia kwamba huko kwa Mungu una miguu yako yote miwili, na mimi naamini. Ila huku duniani hawatakuandika tena kuwa mzima, nakuahidi. Ugomvi umebaki kwangu, nami sijachoka.

Binti yako,
Kavira