Picha ya Mwalimu Ukutani

Jumatatu, 4 Novemba
Senene wa kukaanga, ndoo nzima. Nimenyonyoa mabawa tangu asubuhi, vidole vinauma. Koku, binti yangu, amepiga simu kutoka Dar: uchambuzi wa filamu umetoka gazetini na nyumba yetu imesifiwa. Nimefurahi kama mtoto. Mapema mwaka huu Neema, mwongozaji wa filamu hiyo, na vijana wake walikaa humu wiki mbili wakirekodi, mimi nikahamia kwa dada yangu kule Mabatini. Filamu ni ya familia yenye geti zuri na mambo mabaya nyuma yake. Baba amekufa, lakini watoto bado wanajifungia vyumbani kwa kumwogopa. Geti langu walilipaka rangi kama shukrani.

Jumanne, 5 Novemba
Nimelisoma gazeti nimesimama, palepale kibandani. Wamesifu waigizaji. Wamesifu ukimya. Halafu aya ya mwisho. Kinachotisha kuliko vyote, anasema mchambuzi, ni picha ya baba pale sebuleni: uso wa mtu aliyezoea kuogopwa.

Sebuleni kwangu kuna picha moja tu. Ni ya mume wangu.

Kosa ni langu pia. Neema aliomba waishushe, nikasema ng'o. Kwetu picha ya marehemu haihamishwi kwa sababu ya mchezo. Akaahidi kamera itaikwepa. Haikuikwepa.

Jumatano, 6 Novemba
Leo redioni. Mtangazaji na mgeni wake wamejadili macho ya Baba Koku kwa dakika kumi. Ati yanakufuata. Ati ni macho ya mtesaji.

Alikuwa haoni! Siku ya kupigwa picha mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi, akaona aibu, akaivua. Hapo anamtafuta mpiga picha yuko wapi. Mtu huyu alifundisha hesabu shuleni Nyakato miaka yote bila kushika fimbo, na walimu wenzake walimlaumu kwa hilo. Methali inasema jina jema hung'ara gizani. Walioitunga hawakuwa na sinema.

Jumamosi, 9 Novemba
Sala ya jumuiya ilikuwa zamu yangu, hapa nyumbani. Kina mama wote wamekaa upande mmoja, wamebanana, mgongo kwa picha. Viti vya upande wa pili vitupu. Tumesali hivyo hivyo.

Wakati wa chai Mama Masanja akanong'ona, "Samahani Mama Koku, lakini Mwalimu alikuwaga mkali eeh, humu ndani?"

Mama Masanja! Aliyebeba sufuria siku zote za msiba. Nikamjibu alikuwa mkali wa hesabu tu. Nikaenda jikoni nikalia.

Jumapili, 10 Novemba
Koku anataka wakili. Nimemwambia angoje. Sijaitazama hata hiyo filamu.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimeitazama. Mchana, mapazia wazi, kwenye simu.

Ni nzuri. Lazima niseme ukweli humu. Yule dada mdogo anavyosimama mlangoni akisikiliza hatua ambazo hazipo, nilishika kifua. Kisha kamera ikapanda taratibu ukutani, ikafika kwake, ikatulia.

Nikamwogopa. Mimi. Nilimwogopa Baba Koku.

Jioni nimekula chumbani. Miaka thelathini na minne ya ndoa, hakunipandishia sauti hata siku aliyojua nimeficha barua ya mama yake. Leo sinema ya saa moja na nusu imenitoa sebuleni kwangu. Ya majirani ningeyavumilia, waseme watachoka. Lakini ninayemjua vizuri nimebaki mimi peke yangu, na mimi nikianza kumsahau, amekwisha. Nina hasira.

Jumatano, 13 Novemba
Neema amekuja. Alipiga goti mlangoni, "Shikamoo mama," na machozi yalishaanza kabla sijaitikia marahaba. Sikumkatiza. Alisema hakukusudia. Siku ya kuunganisha vipande aliiona picha pembeni mwa skrini, akaivuta karibu kwa kompyuta kuijaribu, kisha kuikata kukamshinda. Nimemwamini.

Nimemweleza kila kitu. Miwani, barua, namna alivyokuwa akiwaimbia kuku. Alicheka, akalia tena.

Filamu imealikwa tamasha la Nairobi, kuna watu wakubwa wa kuitazama. Miaka minne ya maisha yake imo humo, na wote wanaisifu kwa picha ile. Nilimhurumia kweli. Ni msichana mwema, na angekuwa wangu ningejivunia. Hata hivyo nikasema: mtoe humo.

Aliinua macho akaitazama picha.

"Sawa mama. Nitamtoa."

Nimemfungia senene wa kwenda nao. Sikujua cha kumpa kingine.

Jumamosi, 23 Novemba
Nimefuta vumbi kwenye kioo cha picha. Nikamtazama usoni, karibu. Ni yeye.

Jumatano, 27 Novemba
Mama Masanja kaleta viazi. Neema alimfuata mwenyewe nyumbani kwake kumweleza ukweli wa picha, kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa jumuiya nzima. Hakuniambia kama angefanya hivyo. Mama Masanja ameomba msamaha kwa aibu kubwa, nikamwambia yaishe.

Alhamisi, 5 Desemba
Mchambuzi yule yule ameitazama filamu upya, baada ya kubadilishwa. Safari hii hajaridhika. Anasema imepoa. Ukuta wa sebule umebaki mtupu na unamsumbua kila unapoonekana. Anasema nyumba ile sasa imeondokewa na mtu, na hakuna anayetaja ni nani.

Nimempigia Neema kumpa pole. Ameniambia nisijali, Nairobi bado wanamsubiri, na anaandika nyingine.

Gazeti nimelisoma mara mbili, taratibu, Baba Koku yuko ukutani mbele yangu. Mchambuzi huyu hajawahi kufika hapa, wala hamjui mume wangu. Lakini leo amepatia.